Somo Lililomshukia Kaka Kisimani

Mimi ni mbishi. Nikiwa na ukweli mkononi sirudi nyuma, hata nikiombwa kwa upole. Ubishi huo ulikaribia kumuua kaka yangu, na sina haja ya kuzungukazunguka.

Nafundisha jiografia sekondari, upande wa Iguguno. Wiki ile nilikuwa nawaeleza kidato cha nne jinsi sakafu ya bahari inavyodidimia chini ya nchi kavu, huko mbali kama Japani. Inazama na maji yake, yaliyojificha ndani ya udongo na mawe. Ikifika kina kirefu, joto na uzito vinayakamua. Yakipanda, mwamba wenye moto unayeyuka upesi kuliko kama ungekuwa mkavu, ndipo volkano huzaliwa. Yakijibana kwenye nyufa, yanalegeza miamba iliyoshikana, nayo inateleza kwa kishindo. Hilo ndilo tetemeko. Nusu ya darasa ilikuwa inasinzia, nikakasirika, nikaona niwaamshe kwa mfano wa nyumbani.

"Mnayajua maji aliyoyafikia kaka yangu kisimani?" nikasema. "Maji kama yale ndiyo yanayofungua mlango."

Kaka alikuwa mchimba visima kwa sururu na kamba. Kisima chake cha mwisho, nyuma ya shule, kilitoa maji ya chumvi, vuguvugu, na watu walishaanza kukitazama kwa jicho baya.

Siku mbili baadaye ardhi ikatetemeka. Kwetu si jambo geni, tuko kwenye Bonde la Ufa. Lakini safari hii nyumba moja ya tembe iliporomoka, na paa lake zito la udongo likamuua bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mtama ndani. Kesho yake asubuhi kaka alishuka kisimani kuangalia kama kuta zimepasuka. Ndipo nikasikia yowe.

Yowe kwetu haliulizwi. Ukilisikia unashika fimbo unatoka, na asiyetoka, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamchukulia mbuzi wake. Nilipofika, wanaume walikuwa wamekizunguka kisima. Kamba wameshaikata. Walikuwa wanatupa mawe ndani, makubwa, ya kubebwa kwa mikono miwili, na chini kaka alikuwa analia kama ng'ombe anayechinjwa.

Aliyetangulia alikuwa baba wa mwanafunzi wangu. Bibi aliyekufa ni mama yake. Nikamwamkia shikamoo, hata saa ile.

"Marahaba. Mwalimu, si wewe umewafundisha watoto kwamba maji yanalegeza mwamba? Haya ameyafungulia nani?"

Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kufundisha.

"Baba, yale ni ya chini ya bahari, kilometa nyingi kwenda chini. Kisima hiki ni kifupi mno. Na hapa kwetu ardhi haididimii, inavutwa huku na huku."

Jiwe likaenda. Nikapandisha sauti, nikachora mchangani kwa kidole. Jiwe jingine. Kila nilivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kuwa na hakika kwamba kuna jambo ninalolijua. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe, naona aibu kuisema, ilikuwa kwa sababu hawakunielewa. Kisha kilio cha kaka kule chini kikakatika.

"Nilidanganya," nikasema. "Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Nilijitungia ili watoto wasilale darasani."

Baba yule alinizaba kofi nikaanguka. Mwingine akanitemea mate. Lakini mikono ilishusha mawe, na walewale walioikata kamba wakaiunga, mmoja akashuka kumfunga, wakamvuta. Jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondeka, mfupa na nyama pamoja.

Siku ya tatu, hospitalini Singida mjini, ndipo alipoweza kuongea. Nilikuwa namnywesha uji huku namsimulia uongo uliowafanya washushe mawe.

"Mdogo wangu," akasema, "huo uongo ulikuwa nao muda wote?"

Nikamwambia ndiyo.