Kitako Kilichokataa Kupasuka

Mtaani walimwita Fundi Nyufa, ila si mbele yake. Mbele yake alikuwa Fundi tu, watu wakimwamkia kwa adabu na kusubiri apite ndipo wacheke. Kwa jina hilo hakuonewa. Kila ukuta aliopiga lipu ulikuwa laini siku ya kukabidhi kazi, na mwezi haukwisha kabla haujaanza kuchanika huku na huku. Ukimuuliza, jibu analo mkononi: mchanga ulikuwa na chumvi, saruji ya siku hizi si saruji, jua la mwaka huu limezidi. Kuna wakati alilaumu malori yanayopita barabarani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukosea, jamani, hata kwa bahati mbaya.

Sebuleni kwake kulikuwa na ufa ulioanzia darini ukashuka hadi nyuma ya kochi. Mkewe aliuficha kwa kalenda, na ufa uliporefuka akatundika kalenda nyingine chini ya ile ya kwanza. Wageni walidhani mama wa watu anapenda sana kujua tarehe.

Sasa binti yao na mumewe walikuwa wanajenga. Kuta zimesimama, paa limeezekwa, imebaki lipu, na mkwe hajamtamkia baba mkwe neno. Hilo lilimuuma Fundi kuliko alivyokubali kusema. Mafundi wenzake wakimuuliza anaanza lini kwa bintiye, alisema wanasubiri saruji. Moyoni alijua wazi kwamba nyumba ile ikipigwa lipu na mtu mwingine, jina la nyuma ya mgongo litaanza kuitwa mbele ya uso.

Mkwe alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwenye starehe moja ya ajabu: kupaka rangi visanamu vya askari vyenye ukubwa wa kidole gumba. Siku moja alikuja kusalimia akiwa na kimoja mfukoni, akalalamika kwamba maonyesho ya wapenzi wa visanamu yamekaribia naye hajapata nafasi ya kutengeneza kitako, yaani kile kiduara ambacho askari husimama juu yake. Alitaka kifanane na ardhi iliyopigwa na ukame. Kuna rangi yake maalumu, alieleza, nzito kama uji, ambayo ikikauka inapasuka yenyewe.

Fundi akadakia palepale. "Niachie mimi, mwanangu. Hiyo ni kazi ya mikono."

Mkewe, aliyekuwa anamenya viazi, akakohoa. Kama kuna mtu duniani wa kukabidhiwa kitu apake kipasuke, basi ni mumewe. Lakini mbele ya mkwe mtu hujikaza, akaendelea na viazi vyake.

Fundi aliapa kwamba kazi hii ataifanya vizuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mkwe akiona mkono wake ulivyo, nyumba atampa nani mwingine? Akanunua rangi ile, akavaa miwani, akaipaka kwa ncha ya kisu, nyembamba, akaisawazisha hadi ikang'aa. Kisha, bila hata kufikiri, akakifunika kitako kwa bakuli, na juu ya bakuli akatandaza kitambaa kibichi ili rangi isikauke haraka. Asubuhi akafunua. Kitako kilikuwa laini kama sahani, hakina ufa hata wa dawa.

Akasema rangi ni feki. Akaikwangua, akapaka upya kwa uangalifu zaidi, nyembamba zaidi, kitambaa kikiwa kimelowa zaidi. Wapi! Akaenda dukani kugombana na muuzaji, na huko nyumbani mkewe akashindwa kujizuia, akamsimulia jirani. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari: Fundi Nyufa anatafuta ufa na hauoni. Watu walishika mbavu.

Siku ambayo mkwe angekuja kuchukua kitako, Fundi aliamka na hasira. Akachota rangi yote iliyobaki, akaibwaga juu ya kitako mafungu mafungu, kama mtu anayemalizia ukuta huku mguu mmoja uko kazi nyingine. Akakitelekeza dirishani kwenye jua kali, akaenda zake kwa kinyozi kupiga soga.

Aliporudi, alisimama akakodoa macho. Nyufa zilikuwa pana katikati na nyembamba pembeni, kingo zimejikunja juu, ardhi ya njaa kabisa.

Mkwe alipofika pamoja na binti, alikigeuza kitako huku na huku. Alisema hata wakongwe wa maonyesho hawapati nyufa za namna hii. Akauliza baba amefanyaje.

Maisha yake yote Fundi alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo kwa sauti ya kusifu. Akasimama kabisa. "Siri ni moja, mwanangu. Unabandika nene, haraka haraka, unaacha juani, na maji usiguse. Ukipaka nyembamba ukaitunzia unyevu, haipasuki hata uiombee dua. Hilo nalijua tangu nikiwa saidia fundi."

Binti akamtazama mama yake. Mama akaweka sinia la chai mezani, akazitazama kalenda zake.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema taratibu. "Miaka yote hii unaniambia mchanga."

Fundi akafungua mdomo kutafuta chumvi, jua, malori. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kumwagilia ukuta kunachosha, na kila mara kulikuwa na kazi nyingine inasubiri.

Mkwe naye alitamani kuwa kwingine. Akakifunga kitako kwenye leso. "Baba," alisema kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyochoma, "lipu ya kwetu haijapata fundi bado. Ila tungependa kwanza tuone ukuta wa Mama."

Kwenye maonyesho askari yule alipata zawadi, na waamuzi walisifu kitako kuliko askari mwenyewe. Habari hizo zilimkuta Fundi juu ya ngazi sebuleni, lipu mpya ukutani, magunia yaliyolowa yametandazwa juu yake, akimfokea kila aliyethubutu kufungua dirisha. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kochi, kalenda zote mbili mapajani.

"Pale kona bado pakavu," alisema, akamsogezea ndoo.