Nyuzi za Mama Bualai

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha chungu kinagongagonga jikoni. Wali wa kunata umeanza kuchemka. Daktari Rinlada Phromsiri anakurupuka kwenye mkeka, anapapasa simu. Amedhani wodi inamwita.

"Lala, mwanangu, ni chungu tu," Mama Bualai anamwambia kutoka jikoni. "Chungu hakiumwi figo."

Rinlada anacheka, kisha anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka.

Ana miaka thelathini na miwili, na amebakiza miezi saba kumaliza mafunzo ya ubingwa wa figo katika hospitali moja ya hapa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Kila mwezi ana zamu kumi za usiku, na kila zamu inaunganishwa na kazi ya mchana.

"Kuna siku naandika jina langu kwenye faili, nasita," anasema. "Naliona kama la mtu mwingine."

Juzi alipewa likizo ya siku nne. Hakwenda kwao. Jana alipanda basi kilomita themanini na saba mpaka kijiji hiki, nyumbani kwa mgonjwa wake.

Figo za Mama Bualai, mwenye miaka sitini na minne, zimeacha kazi. Mara nne kwa siku hujaza tumboni lita mbili za maji ya dawa kupitia mpira mwembamba, na baadaye huyatoa yakiwa yamebeba uchafu wa damu. Hufanya mwenyewe, nyumbani.

Lakini katika miezi mitano maji hayo yametoka yametibuka mara mbili, dalili kwamba tumbo limeingiwa na vijidudu. Yakitibuka tena, mpira utatolewa, na itambidi aende mjini kwenye mashine mara tatu kwa wiki.

"Nikishinda barabarani, huyu atakula nini?" anauliza, akimwonyesha mumewe, Thongsuk, ambaye haoni.

"Nitakula kwa jirani," Thongsuk anajibu. "Anapika kukuzidi."

"Basi hamia!"

Kwenye faili, daktari mmoja mkubwa aliandika: mgonjwa hafuati maelekezo. Rinlada hakuyaamini maneno hayo.

"Mimi ndiye niliyemfundisha, siku tano nzima. Nikaona nije nitazame kwa macho yangu."

Sasa anatazama. Mama Bualai anafunga dirisha, anazima feni, anavaa barakoa. Ananawa mikono akihesabu kwa sauti, kila kidole. Rinlada haoni kosa. Kisha mama anainua mpira auunganishe na mfuko wa maji ya dawa, na mkono wa blauzi unateleza nyuma.

"Mama, ngoja! Usiunganishe!"

Kifundo chote cha mkono kimejaa nyuzi za pamba zilizokuwa nyeupe. Zimelowa, na zinadondosha maji karibu na mdomo wa mpira.

Alipotoka kuwekewa mpira, majirani walikuja kumfunga nyuzi mkononi, kila mtu uzi wake, wakiiita roho yake irudi mwilini. Alipopona mara ya kwanza, wakamfunga tena. Na mara ya pili pia. Hospitalini alizificha ndani ya blauzi.

"Nilijua mtazikata kwa mkasi," anasema. "Hizi hazikatwi."

"Najua, Mama. Bibi yangu alinifunga pia. Ila zinashika maji machafu, na maji yanaingia kwenye mpira."

Mama Bualai anazitazama nyuzi.

"Kwa hiyo wanaonipenda ndio wananiumiza?"

"Hapana. Wao wamekuombea. Sisi ndio hatukukuuliza."

Rinlada haombi mkasi. Anakaa sakafuni, anafungua fundo moja moja kwa kucha, karibu nusu saa, na mama anataja aliyefunga kila uzi. Ziko kumi na tisa. Thongsuk anazipokea kiganjani na kuziweka ndani ya bakuli safi.

Mama ananawa upya, anaunganisha. Maji yanatoka safi, ya manjano kidogo. Wote watatu wanashusha pumzi, pamoja na asiyeona.

"Umesikia?" anauliza Thongsuk. "Hata mlio wake ni mzuri."

Rinlada anataka swali moja liongezwe kwenye mafunzo ya wagonjwa: mkononi umevaa nini, na nani amekuvalisha? Anataka pia mtu atembelewe kwanza kabla faili halijamhukumu.

Kazi ikiisha, Mama Bualai anatoa uzi mpya.

"Lete mkono. Roho inayozurura ni yako."

"Mama, na mimi kazini nanawa mikono."

"Kazini unarudi lini?"

"Baada ya siku tatu."

"Siku tatu zinatosha."

Thongsuk anamshika kiwiko, kama mila inavyotaka. Mama anafunga fundo polepole. "Njoo, roho ya Rinlada. Usibaki wodini. Usibaki kwenye simu. Njoo ule wali."

Rinlada anainamisha kichwa, na safari hii machozi si ya miayo.

Saa nne basi linapiga honi. Mama Bualai anampa wali uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Uzi uufungue, usiukate," anasema. "Na uje tena, mwanangu. Usingoje maji yatibuke ndipo uje."