Doa la Jua na Macho ya Ama

Harufu ya chuma kinachochomelewa bado hunisimamisha barabarani. Wenzangu hukunja pua na kuvuka upande wa pili. Mimi husimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, mpaka fundi aniulize kama nataka geti au dirisha. Sitaki geti. Nimemkumbuka Baba tu, alivyokuwa akishuka kwenye lori la shamba Jumamosi mchana, shati lina vitundu vya cheche, harufu hiyo imemganda hadi kwenye nywele, nasi watoto tunagombea kumpokea mfuko.

Baba alikuwa mchomeleaji katika karakana ya shamba mojawapo kati ya yale makubwa ya ngano ya serikali, huko Hanang. Msimu wa mavuno kombaini zilifanya kazi bila kupumzika, na kuharibika nako hazikupumzika, kwa hiyo hakukosa la kufanya. Sisi tulikaa Masakta, kwenye mahindi na maharage yetu, pamoja na mama yake, ambaye tulimwita Ama, kama Wairaqw wanavyomwita bibi. Mkate wa ngano ile tuliuona mara chache. Vumbi lake tulikula kila siku.

Katika lugha yetu jua huitwa Looa, na wazee walimwita Mungu kwa jina hilohilo. Ama alikuwa Mkristo wa kubatizwa na hakukosa ibada, lakini kila asubuhi jua lilipochomoza alisimama uani, akalitazama usoni na kulisalimia, ndipo akaenda kuwasha moto. Mchungaji alijua na alinyamaza. Nadhani na yeye bibi yake alifanya vivyo hivyo.

Nikiwa darasa la tano, Baba alirudi na vioo viwili vyeusi vya kuchomelea, vile vinavyowekwa mbele ya uso ili macho yasiungue. Vilikuwa vimevunjika pembeni na karakana haikuvitaka tena. Alivibandika pamoja kwa tepu nyeusi akaniambia niangalie jua kupitia hapo, na akaapa kunichapa siku atakayonikuta naliangalia bila kioo. Nilitazama. Ndugu zangu, lile jua lililokuwa likitukaanga migongo shambani lilikuwa kiduara cha kijani, kimepoa, kina ukingo safi kama wa sahani. Nilijisikia kama mtu aliyemfumania mwalimu mkuu akiwa pekupeku.

Nilikuwa nikilitazama karibu kila mchana, bila sababu yoyote. Siku moja nikaona doa jeusi.

"Kioo kichafu hicho," alisema mama yangu. Nikakifuta kwa kanga yake, kwa mate, kwa majivu. Doa likabaki.

Nilikipeleka kwa Mwalimu Zainabu, aliyetufundisha sayansi. Alikuwa mtu wa Tanga, amepangiwa kazi kwetu akiwa bado msichana, na baridi ya Hanang ilimtesa mpaka akawa anafundisha amejitanda blanketi. Hakuniambia ni nini nilichokiona. Aliniuliza, "Utajuaje kama doa liko kwenye kioo, kwenye jicho lako, au kwenye jua lenyewe?"

Akanielekeza. Zungusha kioo: doa likizunguka nacho, ni la kioo. Badilisha jicho, kisha tazama kitu kingine: doa likikufuata, ni la jicho. Likikataa yote hayo, ngoja kesho uone kama limesogea. Nilifanya vyote. Doa halikuzunguka, halikunifuata, na kesho yake lilikuwa limesogea kidogo, na kesho kutwa tena.

"Basi ni la jua," alisema, akalitazama yeye mwenyewe kwa muda mrefu hadi kengele ya kuingia darasani ikapigwa bila yeye kushtuka. Darasani alitueleza kuwa ni sehemu iliyopoa kuliko pembeni yake, na kwamba inaweza kuwa kubwa kuliko dunia yote, na Mlima Hanang ukiwemo. Tulicheka kwa adabu. Alituambia pia kwamba Wachina wa kale waliyaona madoa hayo jua lilipofifia kwenye vumbi, na kwamba huko Ulaya msomi mmoja aliona haiwezekani taa ya mbinguni iwe na dosari, akasema lazima ni visayari vinavyopita mbele yake. Kwangu huyo msomi hakuwa mjinga. Kwetu pia wapo waliosema jua limechukizwa na jinsi malisho yalivyogeuzwa ngano.

Jioni hiyo nikampelekea Ama kioo.

Lazima niwaambie alivyokuwa mwaka huo. Alikuwa amepunguza maneno. Kazi ya kuchagua maharage aliwaachia wengine, akidai mgongo. Alipozungumza na mtu aligeuza uso pembeni kidogo, kama kuku anayeangalia punje, na watu wakasema mama huyu siku hizi ana dharau. Mgeni akimwamkia shikamoo alisubiri asikie sauti mara ya pili ndipo aitike. Baba alisema ni uzee. Kwa akili yangu mimi, bibi alikuwa mzee tangu kuumbwa.

Alishika kioo kwa mikono miwili akalitazama jua lililokuwa limeanza kushuka.

"Lipo," alisema polepole. "Lipo kweli. Hapo katikati."

Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu palizi. Aliniuliza nimeliona lini kwa mara ya kwanza, na Mwalimu amesemaje, na Baba naye ameliona? Na watoto wote shuleni? Wote? Kila nilipojibu ndiyo alinipiga begani kana kwamba nimemletea mbuzi.

Kuanzia hapo Ama alirudi kuwa mtu. Alikisimamia kile kioo kama mali yake. Alikwenda nacho kisimani, akaenda nacho kanisani, akawasimamisha wanawake waliotoka mnadani na mizigo kichwani. "Njooni muone," aliwaambia. "Looa ana doa. Mjukuu wangu ameligundua." Walipoliona alishukuru, eti, yeye ndiye aliyeshukuru. Jioni aliimba nyimbo za kwaya akisonga ugali, na hata mchungaji alipotazama akatikisa kichwa, Ama alimwambia, "Umeona? Si mimi niliyesema." Nilijivuna hadi nikashindwa kula.

Haikufika wiki mbili doa likafika ukingoni mwa jua, likawa jembamba, likapotea. Mwalimu alikuwa ameshatuambia: jua nalo linajizungusha, na linabeba madoa yake. Nilikimbia kutoka shule hadi nyumbani.

"Ama! Doa limekwisha!"

Alikuwa anaanika mtama. Alichukua kioo akatazama.

"Limekwisha wapi? Lipo palepale."

"Halipo, Ama. Limeenda nyuma."

"Mimi naliona."

Hapo ndipo sayansi ilinipanda kichwani. Nikamwambia tutapima. Nilizungusha kioo mkononi mwake. Akasema doa halijazunguka. Nikamziba jicho moja, kisha la pili. Akasema lipo, lipo. Nikamwondolea kioo nikamgeuza.

"Tazama ukuta. Unaliona?"

"Naliona."

"Nitazame mimi."

Alinitazama usoni moja kwa moja, bila kugeuza shingo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Lipo hapo usoni mwako," alisema. "Uso wako sijauona tangu mvua za mwaka jana."

Nilikuwa nimefaulu jaribio langu. Ama aliweka kioo chini juu ya mtama, taratibu, asikivunje.

"Kumbe ni mimi," alisema, akaendelea kuanika.

Jumamosi nilimweleza Baba. Hakugomba. Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa kazini, yeye na Ama wakapanda basi hadi hospitali ya Haydom. Daktari alimchunguza, akasema kuna kovu nyuma ya kila jicho, katikati, na kovu hilo halitolewi; ila pembeni ataendelea kuona. Alimuuliza kama ana tabia ya kulitazama jua. Ama akamjibu kwamba humsalimia Looa tu asubuhi. Daktari, kijana mpole, alimwomba aendelee kumsalimia, ila afumbe macho. Hilo Ama alilikubali, na alilisimulia kwa miaka mingi kama mzaha wake. Aliendelea kulima na kuwatambua watu kwa pembe ya jicho, na sasa waliojua hawakusema tena ana dharau.

Lakini kuimba wakati wa kusonga ugali hakukurudi haraka, nami sikuelewa. Nilidhani amehuzunika kwa ajili ya macho, ilhali macho yalikuwa hivyo kabla ya kioo na baada ya kioo.

Nimeelewa nikiwa mtu mzima, siku nilipokaa na ugonjwa wangu mwenyewe kwa miezi bila kumwambia mtu, nikitafuta kila mahali sababu ya kuamini kwamba si wangu. Ama alikuwa ameishi na lile doa peke yake mwaka mzima. Lilikuwa kwenye moto, kwenye msalaba wa kanisa, kwenye nyuso za wajukuu, naye aliogopa kulitaja. Halafu mtoto akaja mbio kumwambia kwamba jua lina doa, na watu wote wanaliona. Kwa siku zile chache hakuwa anapofuka. Jua ndilo lililokuwa na dosari, na kijiji kizima, pamoja na mchungaji, kilikuwa shahidi wake.

Nami nikakimbia njia yote kutoka shule, nikitweta kwa furaha, kwenda kumwambia kwamba jua limepona.