Mama wa Karani

Mzungu alitutoa shambani kwake Kitale tukiwa tumeshazeeka. Mimi na mume wangu tulimlimia mahindi tangu ujana wetu, na siku aliponunua trekta akasema wazee waende kwao. Kwetu wapi? Mume wangu alikufa kabla mvua haijanyesha. Nikaenda kwa mwanangu, karani huko Bungoma, aliyenijengea chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake upande wa Sirisia. Sikumjua mtu mwingine pale.

Aliyenitoa upweke ni jirani, mjane kama mimi, mdomo wembe. Alinikuta nimejikunyata mlangoni, akacheka.

"Mgeni siku mbili, dada. Siku ya tatu mpe jembe."

Akanipeleka kwa wenzake, akina mama watu wazima waliolimiana kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Asiyekuja na jembe hana zamu. Tulilima kidogo, tukasengenya sana, tukawasema waume, wazima na marehemu. Asubuhi magoti yangu yalilia, lakini jua likipanda yalikuwa yamelainika. Nilikula vizuri, nikalala usingizi. Nilijiona mtu tena.

Jumapili moja baada ya kanisa, watu wakamwambia mwanangu ati mama yake analima kwa watu kama kibarua. Akaja nyumbani uso umemvimba. Akasema nimechoka vya kutosha, sasa nikae nile jasho lake. Nikamweleza kwamba wale si matajiri wangu, ni wenzangu. Hakusikia. Jembe langu akalifungia stoo. Jirani akaniazima lake; mwanangu akalirudisha mwenyewe, akawaomba kwa heshima wasimsumbue mama yake. Kwangu akaleta sukari, blanketi, na msichana wa kunichotea maji.

Haya, nikapumzika. Kupumzika ni kazi ngumu, bana, asikudanganye mtu. Miguu ikavimba. Hospitalini Lugulu dresa akaibonyeza, akasema miguu hii inataka kutembea. Mwanangu akaitikia vizuri sana, kisha akanirudisha nyumbani akaniwekea mto. Si nilimzaa mimi? Nilishindwa hata kumkasirikia, maana alikuwa ananipenda, na upendo wake ulikuwa unanizika.

Mwanzoni jirani aliniita kila asubuhi kutoka kwenye ua. Nikamjibu jembe bado limefungiwa. Baadaye akaacha kuita.

Siku moja mwanangu alipokwenda kazini, nikashika fimbo nikawafuata. Shamba lilikuwa ng'ambo ya kijito tu, lakini nilisimama njiani mara nyingi kuvuta pumzi. Nilisikia vicheko vyao kabla sijawaona, nami nikaanza kucheka peke yangu.

Nilipotokea wakanyamaza. Wakapangusa mikono, wakanisalimu mmoja mmoja kwa adabu. Jirani yangu, aliyezoea kunitania mpaka machozi yakanitoka, akamnong'oneza mwenzake, na yule mwenzake akakimbia nyumbani. Nikajua amekwenda kuniletea jembe. Nikaitupa fimbo chini, nikakunja mikono ya gauni.

Akarudi na kiti.

"Keti hapa kivulini, mama wa karani," jirani akasema. "Usije ukachafuka."

Nikaketi. Nao wakainama wakaendelea kulima, wakiongea habari za mvua, zile ambazo zamani, mimi na wao, tulizungumza mbele ya wageni tu.