Siku Kanisa Lilipomwombea Penina wa Kitabuni

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, lakini kuna kanisa moja huko Kola ambalo mpaka leo nikiingia natazama vidole vya miguu hadi nipate pa kukaa, kwa sababu niliwahi kulipigisha magoti lote kumwombea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa juzijuzi, na ugonjwa wangu ulikuwa vitabu. Binamu yangu mwalimu mjini Machakos aliniazima diwani ya mashairi na riwaya moja, na hiyo riwaya (ya mama kijana aitwaye Penina, aliyefukuzwa na mumewe kwenye mvua akiwa na mtoto mchanga mwenye homa) ilinishika hadi nikaunguza ugali, nikalia, kisha nikaunguza mwingine. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama mama yangu mzazi, akanionya: "Mwende, ugali ikiungua tena, hizo vitabu zinarudi Machakos. Hakuna kitabu inachimba shamba."

Wakati huo mvua kubwa ilikuwa imebomoa matuta, na tulikuwa tukiyachimba upya kwa mwethya, yaani wanawake wote wa kijiji leo kwangu, kesho kwako. Sasa, kitabu kizuri ukikaa nacho peke yako kinakuwasha, nami nilitaka kumzungumzia Penina na mtu, mtu yeyote. Lakini kwetu hadithi ni za jioni. Ukisimulia mchana, Mwaitu alikuwa akisema, mbuzi watapotea, na Mwaitu alikuwa papo hapo na jembe lake. Basi (hapa ndipo nilipojichimbia shimo, na si la matuta) sikusema ni hadithi. Nilianza kama mtu anayeleta habari: "Mmesikia ya Penina wa huko Athi River? Bwana yake amemfukuza na mtoto mgonjwa."

Majembe yakasimama. "Ngai! Na hii mvua yote?" akauliza Mama Mwanzia, mwenyekiti wetu. Ningeweza kusema ukweli palepale, lakini nilimwona Mwaitu akifuta macho kwa ncha ya leso, raha ikanipanda kichwani, nikaendelea. Ikawa kila tukikutana wananiuliza Penina ameamkaje, nami nawapa sura niliyosoma jana.

Jumapili ikafika. Katikati ya ibada katekista akatangaza kwamba tumwombee dada yetu Penina na mtoto wake, kanisa zima likapiga magoti, nami nikapiga pia (ningefanyaje?). Tulipoinuka, wanawake wa mwethya wakaja mbele wakiimba, na mahindi, na mbaazi, na blanketi, na Mama Mwanzia akiwa ameinua sweta ndogo ya manjano aliyoifuma mwenyewe.

"Mwende, simama," katekista akasema. "Kesho utatupeleka kwake."

Nikasimama. "Hayuko Athi River."

"Amehama?"

"Yuko kwa kitabu."

"Kitabu ya polisi?"

"Hapana. Ya kusoma."

Upande wa wanaume kikapasuka kicheko kilichozunguka kanisa lote. Mwaitu akajifunika uso kwa leso. Mama Mwanzia hakucheka. Aliikunja sweta yake taratibu akasema, "Umenitoa machozi ya bure," na hilo ndilo lililoniuma.

Nilirudi nyumbani peke yangu, nikavitia vitabu kwenye kiondo tayari kurudishwa, maana nilijua yamekwisha. Jua likazama. Nilikuwa naanza kusonga ugali niliposikia sauti uani: wanawake wa mwethya, na Mama Mwanzia ana sweta mkononi. Nikajua wamekuja kunisema. Mwaitu akaingia jikoni na taa, akaiweka kando yangu.

"Mbuzi ziko ndani," akasema. "Sasa toa hiyo kitabu tujue kama mtoto alipona."

Nikasoma. Wakakaa kila mahali, hata juu ya debe la maji, na nilipofika pale homa inapozidi, nikasikia harufu niliyoijua vizuri. Nikageukia sufuria.

"Wacha iungue," Mwaitu akasema. "Soma."

Mtoto alipona. Mama Mwanzia akapiga vigelegele, na sweta yake ikaja kuvaliwa na mwanangu wa kwanza. Baadaye tuliingia kwenye mashairi, ambayo nilikuwa nayaogopa kwa kuwa peke yangu sikuyaelewa vizuri, lakini niliposoma moja la mvua Mwaitu akatikisa kichwa akasema, "Huyu alikuwa na shamba," na mara moja nikalielewa.

Lakini nimeapa, na kiapo hiki sikivunji: mtu wa kitabuni simtoi tena nje kabla mbuzi hawajaingia.