Mutoto Niliyemsemea

Ile miaka nilikuwa nikiita wanafunzi kwa namba. Darasa la tano, watoto zaidi ya themanini, huku upande wa Munigi, nje ya Goma. Zamani nilikuwa mwalimu wa kutembelea: kila Jumamosi nilienda kwa wazazi, nikipewa kiti na chai, na nilijua nani anakohoa na nani ana baba mulevi. Siku moja nilienda kwa mwanafunzi wangu, nikakuta hema lao limeng'olewa na jirani hajui walikoelekea. Tangu hapo sikutembelea tena. Sikulia hata kidogo. Niliacha tu kuuliza, na kuita namba kulikwenda haraka.

Wenzangu walinitania. Mwalimu wa darasa la sita, muzee wa Butembo, alisema mimi naita watoto kama magunia ya maharagi. Na yeye je? Kupata pointi kwake kulikuwa kugumu kuliko kuvuka mpaka wa Bunagana. Nilimjibu hivyo, tukacheka kidogo, kila mtu akarudi darasani kwake.

Asubuhi moja msichana mmoja alichelewa. Nilimuuliza sababu kwa sababu direktere, mkuu wa shule, alikuwa anatuangalia. Akaniambia polepole: walipokimbia vita kutoka Rutshuru walipotezana na mama, sasa anawapikia wadogo zake watatu kabla ya kuja masomo. Wanakaa kwa baba mudogo, naye ameshasema kwamba akirudia darasa, basi, masomo yameisha, ataenda kuuzisha ndizi. "Sijaambia mwalimu mwingine," akasema. Nikamwambia nitakumbuka, akae chini.

Mwisho wa mwaka walimu tunakaa pamoja kuamua nani apande na nani arudie. Mutoto akikosa pointi kidogo, mwalimu wake anaruhusiwa kumsemea. Wengine wanasema mpaka wanatoa jasho. Mimi nilikuwa na orodha yangu na usingizi.

"Thelathini na moja, anakosa pointi mbili," direktere akasoma. "Madamu, unamjua?"

Nikatafuta kichwani, sikuona kitu. "Sina la kusema."

"Arudie."

"Thelathini na mbili, naye mbili."

Hapo ile habari ikanijia. Nikaisema yote: mama aliyepotea, wadogo watatu, baba mudogo na ndizi. Niliisema bila kupandisha sauti. Yule muzee wa Butembo akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Mumupe pointi. Huyu mutoto ni mukubwa kutushinda." Wote wakakubali. Nilijisikia vizuri kidogo, jambo ambalo halikuwa limenipata siku nyingi.

Siku ya kugawa matokeo, mama mmoja mnene, mwenye kitenge kipya, alinishika mikono yote miwili. Pembeni yake alisimama thelathini na mbili, anachekelea.

"Madamu, aksanti. Mutoto yangu amepanda."

"Mama, pole kwa safari. Ulirudi lini?"

"Kurudi wapi? Miye niko Birere kila siku, nauzisha vitenge. Sijatoka mu Goma tangu nizaliwe."

Nikamwangalia yule mutoto usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. Hawa wawili walikaa benchi moja, vichwa vimenyolewa sawasawa, sare sawasawa. Yule wa baba mudogo alikuwa thelathini na moja.

Nilienda kwa direktere. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi zimeshapigwa muhuri na kupelekwa. "Maji yakimwagika, Madamu, hayazoleki. Ukifungua haya maneno, kwanza utamshusha huyu aliyepanda. Uko tayari?" Sikuwa tayari. Ningepaswa kupiga kelele, kwenda kwa wakubwa wake, kufanya kitu. Nilirudi nyumbani nikachambua maharagi. Niliona aibu, lakini kwa mbali.

Juma lililofuata thelathini na moja alikuja mwenyewe. Nilikuwa napanga vitabu. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie.

"Madamu, ile maneno nilikuambiaka, uliwaambia?"

"Niliwaambia."

Na kweli niliwaambia. Hakuna neno hata moja nililoliacha.

"Na walikataa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Alikuwa ananiangalia, ananisubiri, wala hakuwa na hasira.

"Walikataa," nikasema.

Akakubali kwa kichwa. "Baba mudogo alisemaka hakuna mwalimu anaweza kusimama kwa ajili yangu. Nitamuambia ulisimama."

Akaninyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, vile watoto wa kwao wanavyofundishwa kusalimia mtu wa heshima. Nikampa wangu.