Mmarekani Aliyeingia Nyumbani Kwetu Hamriya

Wiki iliyopita nilipita Hamriya, mtaa wetu wa utotoni huku Uarabuni, kununua vitambaa, nikakuta jengo letu la zamani limevunjwa. Nilisimama juani kama mgeni. Pale ghorofa ya pili, rafiki yangu, ndipo nilipoijua hofu, nikiwa na miaka kumi.

Mwalimu wetu wa historia alimpa kila mtoto maisha ya mtu mmoja ayasimulie darasani. Mimi niliangukiwa na Mmarekani wa zamani, askari wa mpakani aliyekuja kuwa mwanasiasa. Mchana mmoja Bibi alikuwa anachambua mchele sakafuni, harufu ya papa mkavu imejaa nyumba, nami nikimsomea, Kiarabu cha kitabuni nakigeuza Kiswahili. Mmarekani huyo alizaliwa maskini, kwenye kibanda cha magogo. Alipewa kikosi, akavamia kijiji cha wenyeji alfajiri, watu wanapika, akachoma nyumba na mahindi yao. Wenzake wakamshangilia, wakampigia kura, akaingia bungeni.

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya ungo.

"Na wenye nyumba walikwenda wapi?"

"Kitabu hakisemi, Bibi."

Akainuka, akatia komeo mlangoni, mchana kweupe. "Mimi nnajua," akasema. "Sisi Unguja, siku ya mapinduzi, tuliacha chungu jikoni, moto unawaka."

Akarudi kwenye mchele wake. Lakini tangu hapo kila kishindo cha viatu ngazini kilinitoa jasho. Nilibana pumzi mpaka kipite mlango wetu. Nikaanza kulala na makubadhi chini ya mto, niwe tayari kukimbia.

Siku yangu ilipofika, nilisimama mbele ya darasa. Mwalimu alikuwa mkali, na alitaka sifa za shujaa. Nilizitoa zote, kisha maneno yakanitoka: "Bibi yangu anauliza, wenye nyumba walikwenda wapi?"

Mwalimu akaja mpaka mbele yangu. Nikafumba macho nikingoja kofi.

"Bibi yako katokea wapi?" aliuliza polepole.

Nilipomjibu kuwa ni Unguja, akaniambia nikakae. Akageukia dirisha, wala hakumwita mwingine hadi kengele ilipolia.

Nilimweleza Bibi yote. Akanivuta karibu, na kwa mara ya kwanza akaanza kunihadithia kwao: baraza, kisima, jirani mshona kofia. Mimi hofu ilikwishanitoka, masikio yangu yako kwa wenzangu waliokuwa wakicheza chini. Nikasikiliza nusu, nikamponyoka.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Ile nusu nyingine sina tena wa kumwuliza.